Nde

Mwezi wa saba mwaka 2017 mke wangu alifiwa na mjomba wake Kilosa. Nilimsindikiza alfajiri hadi stendi ya Msamvu, nikarudi nyumbani Mwembesongo na mtoto begani, amelala. Tulikubaliana abaki na mimi. Msibani watu ni wengi na kila mmoja ana lake, na mtoto wa mwaka mmoja na miezi tisa ukigeuka kidogo tu ameshafika kwenye moto au kisimani. Tulikuwa tumempa jina la marehemu mama yangu, kwa hiyo mimi nilimwita "mama". Akiitwa hivyo aligeuka haraka kuliko akiitwa jina lake.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani kwangu. Tangu mtoto aanze kutambaa nilikuwa nimepanga upya kila kitu. Vifungo niliviweka kwenye kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko mgumu, juu ya kabati. Mkasi niliutundika kwenye msumari usawa wa kichwa changu. Sindano na pini nilizihesabu jioni kama mtu anayehesabu kuku kabla ya kufunga banda. Ikipungua moja nilipiga magoti na tochi mpaka nione inang'aa. Sikuwahi kulala pini moja ikiwa haijulikani ilipo.

Asubuhi ile, baada ya uji, nilitandika mkeka tukakaa kuchambua kunde za mchana. Nilimwagia kidogo kwenye ungo wa zamani, ule uliotoboka ubavuni, apate chake. Jinsi alivyokuwa akifanya kazi ile naiona mpaka leo. Alichukua punje moja moja kwa ncha za vidole viwili, akaiinua usawa wa macho, akaitazama, kisha akairudisha palepale ilipotoka. Mimi nikiokota kijiwe nikakitupa uani, naye alitupa kunde uani. Nikipuliza makapi, naye alipuliza, mate yakamrukia kidevuni. Kulikuwa na baridi, mawingu yameshuka katikati ya milima ya Uluguru, nami nilikuwa na furaha ya mtu ambaye siku imemkalia vizuri.

Kisha nikainuka kwenda kwenye cherehani. Shule zilikuwa zinafunguliwa na nilikuwa na sketi kumi na moja za sare zenye marinda. Wazazi walikuwa wameshalipa nusu, na wengine walikuwa wakipita kuulizia. Kunde nilizifunika na kuziweka juu. Mtoto akabaki mkekani na vipande vya kitambaa na sufuria yake.

Haikupita muda akaja akanishika suruali. "Baba, nde."

Neno kunde alikuwa amelijifunza asubuhi ileile, nami nikadhani anataka tena mchezo wake. Nikamwambia, "Baadaye, mama, baba amalize." Akaenda. Akarudi. "Nde." Safari hii alijigusa uso. Nikampa kipande cha ndizi. Akakipokea, hakukila, akakaa chini karibu na mguu wangu wa kukanyagia, akasema tena kwa sauti ya chini, "Nde, baba." Mara tatu. Kuna watu husema mtoto wa umri ule bado hana akili. Mimi sitalikubali neno hilo. Alinieleza kilichompata kwa neno alilokuwa nalo, na akaonyesha na mahali. Mimi ndiye sikusikia, kwa sababu nilikuwa nahesabu marinda.

Nilikuja kuona nilipokuwa nikimnawisha uso. Kiganja kilipopita puani alijivuta na kulia. Nikamlaza mapajani, nikamgeuzia mwangani, na ndani ya tundu la kulia nikaona jicho linanitazama. Kunde zile zilikuwa nyeupe, zenye doa jeusi pale inapojishikilia kwenye ganda. Doa lile lilikuwa limeelekea nje kabisa.

Hapa ndipo nilipokosea zaidi. Nilichukua kibano ninachotumia kupitishia nyuzi kwenye mashine ya kushonea pindo. Mkono wangu hautetemeki, nimeshonea kwa mkono vitambaa laini kuliko ngozi, nikajiambia nitaishika mara moja tu. Ncha za kibano ziliigusa, zikateleza. Nikajaribu tena. Lile jicho likazunguka, likawa upande, kisha sikuliona tena. Mtoto alilia kilio ambacho sikuwa nimewahi kukisikia kwake, akaanza kuhemea mdomoni.

Jirani yetu, mama mtu mzima anayeuza vitumbua, alisikia akaja mbio. Mtu mwingine mlangoni akasema anusishwe pilipili manga apige chafya. Mama wa vitumbua akamkatiza: "Akivuta pumzi kwanza je, itaenda wapi? Mpeleke zahanati sasa hivi." Akachukua kanga ya mke wangu kwenye kamba, akanifungia mtoto mgongoni, akakaza fundo kifuani kwangu. Nikatembea hivyo mtaa mzima, mwanamume na mbeleko. Watu waligeuka kutazama. Sikujali hata mmoja, nilikuwa nasikiliza pumzi yake shingoni mwangu.

Zahanati aliikumbuka. Miezi mitatu nyuma, alipotimiza mwaka na nusu, alichomwa hapo sindano ya pili ya surua, kwa hiyo alipoona gauni jeupe tu alinikumbatia kwa miguu na mikono. Muuguzi alikuwa mama wa makamo. Hakuharakisha. Alichungulia kwa tochi, akaniuliza, "Baba, umejaribu kuitoa?"

"Ndiyo, mama. Kwa kibano."

"Usirudie tena. Kitu cha mviringo kinachoteleza ukikifuata kinakimbilia ndani, na nyuma ya pua ni kooni. Kikishuka kwenye njia ya hewa tunasema mengine." Akasema pia kwamba kunde si ya kusubiri mpaka kesho, pua ina unyevu na kunde hunywa maji. Kila saa inayopita inavimba. Halafu akauliza, "Mama yake yuko wapi?"

"Kilosa, msibani."

"Hii inaitwa busu la mama. Leo utalitoa wewe. Mimi ananiogopa, wewe hakuogopi."

Akanielekeza polepole, akanirudishia maelezo mara mbili. Nimlaze chali. Kidole changu kizibe tundu la kushoto, lile lisilo na kitu. Mdomo wangu uufunike wote mdomo wake, pasivuje hewa. Nipulize kidogo mpaka nihisi hewa imegota, maana koo la mtoto hujifunga lenyewe kuyalinda mapafu, na hapo ndipo nipulize pumzi moja fupi, ya ghafla. Hewa ikikosa njia ya chini hupanda nyuma ya pua na kutafuta tundu lililo wazi, ikisukuma kilichomo.

Nikamwinamia. Nikamwambia, "Mama, mpe baba busu." Alikuwa bado analia kwa kwikwi, machozi yamemwingia masikioni, lakini aliposikia neno busu alifungua mdomo kama kawaida yake, kwa sababu busu lake lilikuwa la mdomo wazi, la kulowesha shavu zima. Alikuwa ananuka uji wa asubuhi. Nikapuliza, hewa ikanivujia pembeni. Hakuna kilichotoka. Muuguzi akasema, "Bana vizuri. Usimwonee huruma kwenye pumzi, mwonee kwenye mikono."

Mara ya pili nilihisi ule mgoto aliousema, kama kuegemea mlango uliofungwa kwa ndani. Nikapuliza. Kitu cha baridi kikanipiga shavuni na kudondoka kwenye shuka.

Ilikuwa imevimba karibu mara moja na nusu, ganda limejikunja kama kidole kilichokaa majini, ina kamasi na uzi mwembamba wa damu, ambao najua ulitokana na kibano changu. Mtoto akanyamaza. Akainua kichwa, akaiona. "Nde!" akasema, akanyoosha mkono aichukue.

Muuguzi hakutuachia hapohapo. Alichungulia tundu la pili na masikio yote mawili, kwa sababu anayeweka moja, alisema, mara nyingine ameweka na nyingine. Akanionya kuhusu betri zile ndogo za saa, ambazo huunguza nyama ya pua kwa saa chache tu. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba njia hii ilielezwa mwaka 1965 na daktari mmoja wa New Jersey, Marekani, Vladimir Ctibor. Nikasoma pia kuhusu watafiti waliokusanya taarifa za watoto 154 waliofanyiwa hivyo, wakakuta imefaulu kwa takriban 6 kati ya kila 10. Niliposoma nambari ile nilikaa kimya kidogo. Wanne hawakupata walichopata wangu.

Jioni mke wangu alipiga simu kutoka Kilosa. Walikuwa wametoka kuzika. Nilimweleza yote, na kibano nacho, kwa sababu sikutaka aje akisikie kwa jirani. Alikaa kimya, kisha akasema, "Mpe simu." Nikaiweka sikioni kwa mtoto. Sijui waliongea nini. Nilimwona tu akijigusa pua na kutikisa kichwa.

Usiku ule sketi zilibaki saba na sikuzigusa. Alilala upande wake wa kitanda, mdomo umefungwa. Sikuamini masikio yangu tena, kwa hiyo nilikwenda barazani nikakata uzi mweupe, ule mwembamba kuliko wote nilionao, nikaushika chini ya tundu la kushoto. Ukacheza. Nikaupeleka chini ya la kulia, nikasubiri. Ukacheza pia. Nikaurudisha la kushoto.