Nyumba za Udongo katika Nyika ya Nebraska

Kila ninaposoma habari za walowezi wa Nebraska, jimbo la Marekani, fikira zangu huwaendea kwanza akina mama. Sheria ya mwaka 1862, iliyotiwa saini na Rais Abraham Lincoln, ilimpa mkuu wa kaya hadi ekari 160 kwa sharti la kuishi hapo na kulima kwa miaka 5, ingawa nchi hiyo (na hili huniuma) ilikuwa ya Wapawnee na Waomaha, makabila ya wenyeji wa asili. Kwa kuwa miti ilikuwa adimu, nyumba zilijengwa kwa udongo uliokatwa pamoja na mizizi ya nyasi, na mvua iliponyesha paa lilidondosha matope juu ya chakula kilichoinjikwa kwa moto wa kinyesi kikavu cha wanyama. Mwaka 1874 nzige wakala mazao, hata nguo zilizoanikwa.