Chama kinapoamua lalamiko lipi libebwe na lipi liachwe

Kwa miaka sita nilikuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi katika shamba moja la chai huku Mufindi, na ndugu waliokuja kututembelea walipenda kuniuliza kama mwajiri anatutendea haki. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama chama chenyewe kinawatendea haki wanachama wanaokiletea malalamiko. Mimi pia sikuwahi kujiuliza, mpaka lilipotokea jambo la mama mmoja mchumaji, ambalo nalieleza hapa kwa sababu nilihusika nalo.

Mchumaji wa kwetu alilipwa kwa kilo za majani mabichi. Msimu wa mvua, ukungu unapoganda juu ya mashamba hadi saa nne asubuhi, majani hufika kwenye mizani yakiwa yamelowa, kwa hiyo ilikuwa desturi kupunguza uzito kidogo kwa ajili ya maji na kikapu. Mama huyu aliona kwamba yeye anakatwa kilo nyingi kuliko wenzake waliopimiwa saa ileile, akaanza kuandika makato hayo siku kwa siku katika daftari la shule la mwanawe, kwa majuma matatu. Kisha akafuata ngazi zote kama mkataba wetu wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri, ulivyoelekeza: msimamizi wake, halafu mwakilishi wa chama, halafu kamati ya tawi, ambayo ndiyo iliyopaswa kulifikisha suala kwa uongozi. Ngazi ya kwanza ilikuwa na kasoro iliyo wazi, kwa kuwa anayelalamikiwa ndiye aliyepaswa kulipokea lalamiko. Kasoro kubwa zaidi ilikuwa mbele, kwani msimamizi huyo alikuwa mwanachama mwenzetu na mjumbe wa kamati ya tawi.

Uanachama wake ulikuwa halali. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humzuia mtu wa menejimenti ya juu kujiunga na chama cha wafanyakazi wa chini yake, lakini msimamizi wa mizani hayumo katika kundi hilo. Kamati ikaketi, naye akiwemo, ikaamua kwamba maandishi ya daftari hayatoshi kuwa ushahidi. Nilikuwepo na sikupinga. Hakuna aliyependekeza mama aitwe aulizwe, wala hapakuandikwa barua yoyote. Jioni nilipita nyumbani kwake nikamwambia, "Mama, kamati imeona tusubiri kwanza." Akanijibu, "Haya mwanangu, nitasubiri."

Neno hilo la kusubiri ndilo lililomwumiza. Mgogoro wa kuachishwa kazi hutakiwa kufikishwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo cha kisheria cha kutatua migogoro ya kazi, ndani ya siku 30, na migogoro mingine, kama huu wa makato, ndani ya siku 60 tangu ilipotokea. Mfanyakazi anaweza kwenda Tume mwenyewe bila kusindikizwa na chama, jambo ambalo mama hakulijua na mimi sikumwambia. Anayechelewa anaweza kuomba aongezewe muda, lakini hana budi kutoa sababu za kuridhisha, na ni vigumu sana kuthibitisha sababu iliyotamkwa mlangoni jioni bila shahidi wala karatasi.

Sisemi kwamba chama kibebe kila lalamiko linaloletwa. Tawi likipeleka kila kitu kwa uongozi, litazoeleka na halitasikilizwa hata siku ya jambo zito. Tena fedha za nauli na muda wa wawakilishi vina kikomo. Haki ya chama kukataa naitambua. Ninachokidai ni kwamba kukataa huko ni uamuzi unaogusa riziki ya mtu, na kwa hiyo kunastahili utaratibu uleule tunaoudai kwa mwajiri. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinataka mfanyakazi anayeitwa kwenye kikao cha nidhamu apewe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, aruhusiwe kuja na mwakilishi au mfanyakazi mwenzake, na asikilizwe chini ya mwenyekiti ambaye hakuhusika na tukio. Mimi mwenyewe niliwahi kusimamisha kikao cha mwajiri kwa sababu saa hizo hazijatimia, na wenzangu wakanipongeza. Mama yule tulimnyima yote hayo, ilhali ada yake ya uanachama ilikatwa kila mwezi bila kukosa.

Wapo wanaosema kwamba asiyeridhika ajitoe. Jibu hilo ni jepesi mno. Penye mkataba wa uwakala kati ya mwajiri na chama chenye wanachama wengi, hata asiye mwanachama hukatwa ada ya uwakala, na chama hicho ndicho kinachoendelea kuzungumza kwa niaba yake mezani. Mtu asiyeweza kuukwepa mchango anastahili zaidi kusikilizwa.

Kabla ya kuacha uwakilishi nilipendekeza kwa tawi kwamba mjumbe anayetajwa katika lalamiko atoke kikaoni, na kwamba kila lalamiko linalokataliwa lijibiwe kwa barua ya Kiswahili ndani ya siku 14, ikieleza sababu na siku ambayo muda wa kwenda Tume utaisha. La kwanza lilikubaliwa bila mjadala mrefu. La pili lilipingwa na wajumbe waliohofia kwamba barua hizo zitatumiwa dhidi ya chama, na hadi naondoka lilikuwa bado halijapitishwa. Naamini hilo la pili ndilo lenye uzito zaidi.

Nilikwenda kwa mama nikamweleza yote, pamoja na zile siku 60. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo siku zile nilizokuwa nasubiri, zilikuwa zinahesabiwa?" Nikamwambia ndiyo.