Sebule inayoishia kwenye maji: anza na leveli, vigae baadaye

Picha za nyumba ambazo sebule yake hufunguka kwenye kidimbwi huonyesha kioo, mwanga na maji yaliyotulia. Hazionyeshi zile sentimita chache baina ya kigae cha mwisho cha ndani na ukingo wa kidimbwi, na hapo ndipo nyumba hukaa kavu au hulowa. Leveli hizo zipangwe kabla ya msingi kumwagwa, kwa sababu baadaye dawa yake ni nyundo.

Wenye nyumba hutaka sakafu, kibaraza na uso wa maji vilingane. Kwa macho vinaweza kuonekana hivyo, ila kwa kipimo visilingane kamwe. Acha uso wa maji uwe sentimita 10 chini ya sakafu ya ndani. Mvua ya milimita 60 hukipandisha kidimbwi sentimita 6 ikiwa majani yameziba bomba la kumwagia maji ya ziada, na upepo nao husukuma maji ukingoni. Weka bomba la pili la dharura, sentimita 3 juu ya lile la kawaida, likimwaga bustanini. Na paa lisielekezwe humo hata kidogo: mvua hiyohiyo kwenye paa la mita za mraba 100 ni lita 6,000, ambazo zingekipandisha kidimbwi cha mita 5 kwa 3 kwa sentimita 40. Maji yako yatakuwa chini ya sofa.

Mbele ya mlango wa kioo wa kuteleza pita na mfereji mwembamba wenye wavu, ukiwa na bomba lake pekee. Usiuunganishe na kidimbwi, maana sabuni ya kupigia deki itaishia humo. Kibaraza kiteremke sentimita 1.5 kwa kila mita, kikiupa mlango mgongo. Kagua pia reli ya mlango: chini yake upande wa nje kuna vitundu vidogo vya kutolea maji, na mafundi wengi huviziba kwa silikoni wakidhani ni kasoro. Maji ya mvua yakikosa pa kutokea hufurika upande wa ndani, kisha lawama inaangukia kioo.

Vigae vya ndani na nje vinaweza kufanana rangi, lakini vya nje viwe na uso wa kukwaruza. Vinavyong'aa kando ya maji mimi siviruhusu kabisa.

Sasa uzito. Maji ya kina cha sentimita 30 ni kilo 300 kwa kila mita ya mraba, bila kuhesabu zege lenyewe, wakati sakafu ya kawaida ya ghorofani husanifiwa kubeba mzigo wa kilo 150 hadi 200. Kidimbwi cha juu bila hesabu ya mhandisi ni kamari. Cha chini nacho kisishikane na msingi wa nyumba. Acha nafasi ya sentimita 2 iliyojazwa kitu kinachobonyea na kufunikwa kwa silanti, yaani gundi laini ya kuzibia mianya. Nyumba na kidimbwi hutitia kwa viwango tofauti, na vikishikana, ufa hutokea penye maungio.

Maungio ndiyo pia yanayovuja, pamoja na pale bomba linapopenya ukuta. Ni nadra sana katikati ya sakafu. Kwa hiyo weka mpira wa kuzuia maji mahali zege jipya linapokutana na la zamani, mwagilia zege siku 7, viringisha kona za ndani kwa plasta, halafu paka dawa ya kuzuia maji mikono miwili, wa pili ukikatiza wa kwanza. Jaza maji kabla ya kubandika vigae. Weka ndoo yenye maji ndani ya kidimbwi, maji ya ndani na nje yakiwa leveli moja, pampu ikiwa imezimwa. Baada ya saa 24, kidimbwi kikishuka kuliko ndoo, kinavuja. Vikishuka sawa, ni jua tu.

Kwa maji yanayoanguka kama pazia, pampu ndogo hukatisha tamaa. Ukingo wa mita 1, maji yakiwa na kimo cha sentimita 1 juu yake, unahitaji takriban lita 6,600 kwa saa. Ukingo ukipinda milimita 3, upande mmoja utabaki mkavu. Pampu ikizimwa, maji yote yaliyokuwa juu ya ukingo hurudi kwenye tangi la chini: kwa kidimbwi cha mita za mraba 15 ni lita 150, na yaliyomo kwenye mabomba juu yake. Tangi dogo hufurika pampu ikizimwa, kisha pampu ikiwashwa hunyonya hewa.

Ubaridi unaosifiwa huja hewa ikiwa kavu na kidimbwi kikiwa upande upepo unakotoka. Penye unyevunyevu mwingi, utapata joto lenye jasho zaidi. Mbu huhitaji siku 7 hadi 10 tu kuzaliana, kwa hiyo elekeza mdomo mmoja wa pampu kwenye kona ambako maji husimama. Taa ziwe za volti 12, transfoma ikae mbali na maji.

Penye watoto wadogo, laza wavu imara wa chuma kisichoshika kutu karibu kabisa na uso wa maji, ukiegemea nguzo fupi za zege, uwe na uwezo wa kumbeba mtu mzima. Ukipakwa rangi nyeusi kama sakafu ya kidimbwi, hauonekani.