Kashata alipojifungulia kwenye kapu la mikono

Saa 11 alfajiri. Adhana ilinikuta macho. Tangu saa 9 usiku Kashata alikuwa akipanda kitandani, akishuka, akiniita. Nikiinuka anatangulia mlangoni kisha anageuka kutazama kama namfuata. Vichwa vya vibua nilivyomwekea jana jioni havikuguswa, na huyu si paka wa kuacha kibua. Nikamulika kalenda kwa simu: siku ya 64. Nilianza kuhesabu usiku ule shume wa sokoni, yule wa sikio lililochanika, alipopiga kelele mpaka nusu ya mtaa wetu wa Kiponda ikafungua madirisha. Mimba ya paka huchukua kama siku 63 hadi 67, kwa hiyo sikuhitaji kuuliza.

Saa 1 asubuhi nikafungua duka. Mimi ni fundi cherehani hapa Mji Mkongwe, duka chini, kulala juu. Leo nilikuwa na magauni sita ya sare ya harusi, yote ya kitambaa kimoja cha kijani, mteja anakuja saa 10 alasiri kujaribisha. Kitambaa kililetwa kwa kipimo, hakuna akiba. Nayasema haya ili mjue hali yangu ilikuwaje.

Boksi la uzazi nilimtengenezea wiki mbili kabla: boksi la sabuni, upande mmoja nimeukata mlango, ndani kanga kuukuu, nikalisukuma chini ya meza ya kukatia kwenye kiza. Akaingia, akakwaruza, akatoka. Akaingia tena, akatoka. Niliona kabisa kwamba halijampendeza, lakini nikajifanya sikuona.

Saa 3 nikakimbia Darajani kununua zipu. Sikukaa hata nusu saa. Narudi, binti ninayemfundisha kushona amesimama mlangoni, futi imemning'inia shingoni.

"Shangazi, usikasirike."

"Nini?"

"Kashata kaingia kwenye kapu la mikono."

Mikono kumi na miwili, imekatwa, imebanwa pini mbili mbili, na paka katikati yake, chupa imeshapasuka. Nilichoweza ni kuchomoa mikono iliyokuwa pembeni pamoja na pini zote nilizozifikia. Miwili aliyoilalia nikamwachia. Paka aliyekwisha kushikwa na uchungu ukimhamisha anaweza kuuzuia, akaenda kujificha juu ya kabati, na hapo ndipo matatizo huanza. Nikavuta pazia, nikazima redio, nikarudi kwenye cherehani. Ni ya miguu, amezaliwa akiisikia, haimsumbui.

Wa kwanza alitoka saa 3 na dakika 40, mweusi mtupu. Kashata akalichana kwa meno lile gamba laini linalomfunika kitoto, akalamba pua, akakata kitovu, akala kondo, yote hayo bila kuniangalia hata mara moja. Watu huniuliza paka anazalishwaje. Hazalishwi. Unakaa na saa mkononi na kidomo chako unakifunga. Unahesabu vitoto, unahesabu makondo, kila kitoto na lake, maana likibaki tumboni huweza kuoza. Kuhesabu nimezoea, sindano ikipotea dukani hatulali mpaka ionekane.

Wa pili saa 4 na dakika 5, mwekundu. Kondo la pili nikaliona kwa macho.

Kisha ukimya. Baada ya nusu saa hivi akaanza kusukuma tena, kwa nguvu, mgongo umejikunja. Dakika kumi. Umeme ukakatika, feni ikasimama. Dakika kumi na tano. Nikampigia daktari wa mifugo, akaniambia lile ninalolijua: akisukuma kwa nguvu nusu saa bila kitu kutoka, mtie kwenye kikapu uje. Binti akaleta kikapu. Sote wawili tukawa tunatazama simu, hatutazami paka.

Dakika ya 24 kikatoka, kimefungwa ndani ya gamba lake zima kama embe ndani ya mfuko wa nailoni. Kashata alikuwa ameelemea wale wawili waliokuwa wakilia. Nikangoja kidogo. Hakugeuka.

Hapo ndipo mkono wa mtu huingia. Nikalichana gamba puani kwa vidole, ni jepesi lakini linateleza, nikafuta pua na mdomo kwa kitambaa safi, nikakishika kichwa kimeinama chini na kukisugua mgongo kwa taulo, harakaharaka, kama ulimi wa mama yake ungefanya. Hakuna kitu. Ulimi ulikuwa wa rangi ya zambarau. Nikaendelea kusugua. Binti ananisomea Yasini kwa sauti ya chini, nikamwambia asubiri kwanza. Halafu kikafungua mdomo, kama kinapiga mwayo, kikafunga. Kikafungua tena. Mara ya tatu kikatoa kisauti kama bawaba ya mlango isiyotiwa mafuta, na ulimi ukaanza kugeuka waridi.

Kitovu nikakifunga kwa uzi, sentimita mbili na ushei kutoka tumboni, nikakata kwa mkasi uliochemshwa. Uzi wa kijani. Ndio uliokuwa karibu.

Wa nne akazaliwa nilipokuwa naswali adhuhuri. Niliporudi ameshakauka na ananyonya. Ana rangi tatu kama mama yake, kwa hiyo karibu hakika ni jike. Kondo lake sikuliona.

Saa 8 mchana jirani yangu anayeuza viungo akaniazima mizani yake ya kupimia iliki. Gramu 102, 108, 81, 97. Yule wa 81 ndiye wa uzi wa kijani, na alikuwa wa baridi. Jirani mwingine akaja na kikombe cha maziwa ya ng'ombe na bomba la sindano, moyo wake mzuri. Nikashukuru, nikayaweka kando. Mwaka jana niliwahi kumnywesha hivyo hivyo kitoto kilichopoa, nikiona nakiokoa. Tumbo la kitoto cha baridi halifanyi kazi, na maziwa ya ng'ombe huharisha hata mwenye joto. Asubuhi nikakizika uani. Tangu hapo joto kwanza, chakula baadaye.

Basi kile cha uzi wa kijani nikakitia kifuani, ndani ya blauzi, nikashona nacho. Kapuni nikaweka chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kanga, upande mmoja tu, ili atakayeona moto asogee. Baada ya kama saa moja kikaanza kunisukumasukuma kikitafuta chuchu, nikakirudisha kwa mwenyewe, nikakishikia mpaka kikanasa. Dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mzazi, haingoji kesho; kinga iliyomo humo mwili wa kitoto huipokea siku hiyo ya kwanza tu.

Saa 10 kamili mteja akaingia.

"Fundi, hujambo? Nguo tayari?"

"Sijambo, mama. Matano tayari." Nikanyamaza. Hakuna namna nzuri ya kulisema. Nikafungua pazia.

Akachungulia kapuni. Kashata akamtazama, akaendelea kukoroma. Kitambaa cha kijani kilikuwa kinaonekana vizuri kabisa, na ujusi wake.

"Hiyo mikono ya nani?"

"Ya wifi yako."

Akakaa kimya kwa muda mrefu, nikawa nahesabu moyoni bei ya mita mbili. Kisha mabega yakaanza kumtikisika.

"Basi mshonee mifupi," akasema, "na usimwambie kwa nini." Akaomba yule mwekundu awekwe kwa jina lake. Nikamwambia aje baada ya wiki nane, si kabla.

Jioni Kashata alipotoka kwenda mchangani nikaitoa ile mikono niweke kanga safi. Kondo la nne lilikuwa limegandia chini, limejikunja na kitambaa. Sijawahi kufurahia kitu kibaya namna ile.

Sasa ni saa 4 usiku. Mzazi amekula supu ya samaki bakuli mbili. Shume ameshakuja mlangoni, anajua kuwa paka hana arubaini. Jike huweza kushika mimba nyingine angali ananyonyesha, ndiyo maana Kashata haonji nje ya mlango huu mpaka nimpeleke kufungwa kizazi. Nimempima wa uzi wa kijani tena: 82. Gramu moja, labda ni mizani tu. Nimemrudisha kwenye chuchu ya nyuma, yenye maziwa mengi, nikajaza maji ya moto mapya. Nina mikono miwili mifupi ya kukata kwenye vipande vilivyobaki, na umeme haujarudi.