Saa tano msibani

Mwezi uliopita nilikwenda msibani Tengeru, na nusura kibofu kinimalize.

Tangu ajali iliyoniumiza uti wa mgongo, ratiba yangu ya kutoa mkojo kwa mpira unaoingizwa kwenye kibofu ni saa kumi na mbili asubuhi, saa tano, saa kumi, saa mbili usiku na saa sita usiku. Siku ile saa tano ilinikuta katikati ya ibada, nami nikaona haya kuomba nisukumwe nje mbele ya wakwe. Ilipofika saa nane kichwa kilikuwa kikigonga, jasho likinichuruzika usoni na shingoni, ilhali kuanzia kifuani kwenda chini ngozi ilikuwa kavu kabisa. Kwa sisi tulioumia kwenye pingili ya sita ya kifua au juu yake (mimi ni ya nne), hiyo ni hatari isiyosubiri: kibofu kimejaa, ujumbe wake hauwezi kuvuka pale uti ulipoumia, na shinikizo la damu hupanda ghafla kiasi cha kuweza kupasua mshipa wa ubongo. Shemeji alinikimbiza hadi kwenye gari lake, akaniketisha wima, akasimama mlangoni kunikinga. Mkojo ulijaza chupa ya maji ya nusu lita, na ya pili ilipofika shingoni kichwa kilikuwa kimetulia.

Siku mbili baadaye nilipandwa na homa nikiwa nyumbani Moshi, na miguu ikaanza kukakamaa na kurukaruka kitandani. Maumivu ya kukojoa ambayo wengine huyalalamikia mimi siyasikii, kwa hiyo dalili zangu za maambukizi ni hizo, pamoja na mkojo kuvuja kati ya saa na saa. (UTI, kifupi cha Kiingereza cha maambukizi ya njia ya mkojo, na uti huandikwa kwa herufi zilezile, mimi nimejaliwa zote mbili.)

Miaka miwili ya kwanza baada ya ajali ningekimbilia duka la dawa. Nilimeza antibayotiki kila kipimo kilipoonyesha bakteria, hata nikiwa mzima, na hakuna aliyeniambia kwamba anayetumia mpira huwa na bakteria hao karibu wakati wote, na kwamba kwa kawaida pasipo dalili hawahitaji dawa. Wakawa sugu, vidonge vikawa kama peremende.

Sista mmoja ndiye aliyenifundisha upya. Alinieleza hoja ambayo daktari Jack Lapides wa Michigan na wenzake waliitoa mwaka 1972: kibofu kikitanuka kupita kiasi, damu haifiki vizuri kwenye ukuta wake, nao hushindwa kupambana na vijidudu, hivyo kukimwaga kwa wakati, kwa mikono iliyooshwa kwa sabuni, kuna faida kuliko kuchelewa kwa kusubiri vifaa vilivyotakaswa. Akanipa jagi lenye vipimo na kuniambia nisivuke mililita 500 kwa mara moja; nikivuka, niwahishe saa ya kutoa mkojo au nipunguze chai ya jioni.

Safari hii, kabla ya kumeza chochote, nilipeleka mkojo hospitali ukaoteshwe maabara ili bakteria wake wajulikane, na jibu lilipotoka nikaandikiwa dawa moja inayowaua bakteria waliokutwa. Homa ilishuka siku ya tatu.

Jumamosi ni arobaini. Nimeshamwambia shemeji aegeshe gari karibu na mlango wa nyuma, na anifuate saa tano kasoro robo hata kama mchungaji bado anahubiri.