Jinsi nilivyotambua kwamba mbwa wangu hakuambukizwa na kuku

Kwa miaka kadhaa nimefuga kuku, mbuzi, kondoo na ng'ombe wachache katika boma moja, na muda wote huo niliamini kwamba mnyama mmoja akianza kuharisha, waliobaki wanangoja zamu yao tu. Imani hiyo ilinipotosha pale vifaranga wangu wa wiki nne walipoanza kuhara damu. Nilipompasua mmoja aliyekufa, nilikuta vile vifuko viwili vilivyo karibu na mwisho wa utumbo vimejaa damu iliyoganda, ambayo ni dalili mashuhuri ya Eimeria tenella, mojawapo ya spishi za koksidia (vimelea vidogo sana vya utumbo) wanaomshambulia kuku. Niliwapa dawa ya amproliamu katika maji ya kunywa, nikaondoa matandazo yaliyolowa, na vifo vikakoma.

Siku chache baadaye mbwa naye akaharisha. Nilikoroga kinyesi chake katika maji ya sukari yaliyokolea, nikasubiri vitu vyepesi vielee juu, na kwenye hadubini nikaona oosisti, yaani vile vifuko vyenye ganda ambavyo koksidia hutolea nje kwa kinyesi, zenye umbo la yai, za takribani mikromita 22 kwa 19 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), zisizotofautiana hata kidogo na zile za vifaranga. Kwangu kesi ilikuwa imekwisha: kuku amemwambukiza mbwa. Nilikuwa nimeshaanza kupima dawa nilipompigia simu daktari wa mifugo, naye akaniuliza swali moja tu: "Ndugu yangu, uliziacha zikomae kwanza?"

Sikuwa nimeziacha. Oosisti iliyotoka mwilini muda huohuo ni ganda lenye donge moja ndani, na donge hilo haligawanyiki mpaka lipate hewa, unyevu na joto la kutosha. Mbwa ana koksidia wake, wa jenasi ya Cystoisospora, na mmoja wao, Cystoisospora ohioensis, hutoa oosisti zinazokaribiana sana kwa ukubwa na za Eimeria tenella, kwa hiyo kipimo nilichokitegemea hakikuwa na uwezo wa kuamua lolote. Zikishakomaa, oosisti za Eimeria huwa na sporosisti (vifuko vidogo vya ndani) nne, kila moja ikiwa na sporozoiti (vimelea vichanga vinavyoambukiza) wawili, ilhali za Cystoisospora huwa na sporosisti mbili, kila moja ikiwa na sporozoiti wanne. Jumla ni nane kote kuwili. Tofauti iko katika mgawanyo.

Nilimimina sampuli katika sahani pana yenye potasiamu daikromati ya asilimia 2.5, kina chake kikiwa kidogo ili hewa ipenye. Kemikali hiyo huzuia bakteria na ukungu, lakini ni sumu, na sitamshauri mtu aiguse bila glavu. Baada ya siku mbili nilihesabu sporosisti: nne, na katika kila oosisti iliyokomaa niliyoitazama zilikuwa nne. Mbwa si mwenyeji wa Eimeria, yaani kimelea huyo haishi wala kuzaliana ndani yake. Alikuwa amekula kinyesi cha kuku, na oosisti zilipita tumboni mwake kama abiria asiyeshuka njiani.

Nilimfungia mbali na banda la kuku, na baada ya siku kadhaa kinyesi chake hakikuwa na oosisti hata moja, lakini kuharisha kuliendelea. Hapo ndipo nilipojua kwamba sukari nayo ilinificha jambo, kwa kuwa hunyausha sisti (vifuko vya kuambukiza) za Giardia, kimelea mwingine wa utumbo, hadi zisitambulike kwa urahisi. Daktari alitumia zinki salfeti badala ya sukari, na mashine ya kuzungusha sampuli, akaziona. Giardia duodenalis amegawanyika katika makundi: C na D huwapata zaidi mbwa, E wanyama wenye kwato, F paka, ilhali A na B huwapata binadamu na mamalia wengine wengi. Kwa hadubini yote hufanana, na ni kipimo cha vinasaba pekee kinachoyatenganisha. Kwa vile hatukukifanya, tulinawa mikono kana kwamba ni A au B.

Jambo hilo la vimelea kuchagua mnyama wao lilinifanya niutazame upya ukuta nilioujenga kati ya mbuzi na kondoo kwa hofu ya koksidia. Eimeria ninakohlyakimovae wa mbuzi na Eimeria ovinoidalis wa kondoo hutoa oosisti zinazofanana mno, lakini kila mmoja hubaki kwa mwenyeji wake, hivyo ukuta haukuzuia chochote. Kosa lilikuwa upande wa pili: wana-mbuzi walilala pamoja na mbuzi wakubwa, ambao hutoa oosisti bila wao wenyewe kuonekana wagonjwa. Sasa wana-mbuzi wana sehemu yao kavu, na vyombo vya chakula vimeinuliwa ili visikanyagwe.

Ukuta niliuhamishia kwa ndama wachanga. Cryptosporidium parvum, kimelea mwingine wa utumbo mwenye oosisti za takribani mikromita 5, huwaharisha ndama, hasa katika wiki zao za mwanzo, na huyu haishii kwa ndama, bali humpata binadamu pia. Kwa hiyo ndama ndio ninaowahudumia mwisho, nikivaa buti zisizotoka nje ya zizi lao.