Mkasi unalala wapi?

Jumamosi usiku. Watoto wamelala, nami nimekaa sakafuni mbele ya rafu yao, trei mbili mapajani, nabadilisha vifaa vya masomo vya wiki ijayo. Kazi hii zamani ilinila Jumapili nzima. Siku hizi ni nusu saa.

Tulianza kusoma nyumbani miezi saba iliyopita. Mkubwa ana miaka 5, mdogo hajatimiza 3. Mwanzoni nilikusanya vifaa kwa pupa: kadi za herufi, vitabu vya kupaka rangi, plastisini, shanga, maumbo ya mbao, karatasi nilizochapisha hadi wino ukaisha. Nikavipanga kwenye makopo makubwa ya plastiki yenye mifuniko ya kubana, nikabandika lebo kwa mwandiko wangu bora: HESABU, HERUFI, SANAA. Nikayapandisha kabatini. Nilipofunga ule mlango nilijiona nimekuwa mwalimu hasa.

Masomo yalipoanza, kila asubuhi ikawa ile ile. Mkubwa anataka kitu, ananifuata, naacha nilichoshika, nateremsha kopo, nalifungua, yeye anachukua kimoja, mdogo anamwaga vilivyobaki. Kufika saa nne hakuna pa kukanyaga na nimeshawafokea. Niliwaambia hawana utaratibu. Nikikumbuka inaniuma, maana siku moja nilipita mlangoni nikamkuta mkubwa amelipakata kopo la SANAA, anavuta mfuniko mpaka ncha za vidole zimekuwa nyeupe. Haukufunguka. Akaliweka chini taratibu, akaenda kusimama dirishani. Hakuniita.

Nilisimama pale nikiliangalia lile kopo. Lebo nimemwandikia mtoto asiyejua kusoma. Mfuniko ni wa mkono wangu. Kabati ni la kimo changu.

Baadaye nikasoma habari za Maria Montessori, yule daktari wa Kiitaliano aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Roma mwaka 1907. Kumbe hata kule mwanzoni vifaa vilifungiwa kabatini, na mwalimu ndiye aliyegawa. Siku moja mwalimu akasahau kufunga. Alipofika akakuta watoto wameshajichukulia. Yeye aliona utovu wa adabu. Montessori akaona watoto wanaojua wanachokitaka, na tangu hapo akawawekea makabati mafupi wanayoyafikia wenyewe. Nilisoma sehemu hiyo mara mbili, nikamwita baba yao naye asome.

Tukashuka chini, basi. Rafu fupi ya ngazi mbili, na baba yao akaifunga ukutani kwa skrubu kwa sababu mdogo hupanda chochote chenye ngazi. Nawaomba wenzangu wenye watoto wa umri huu wasiliache hilo: rafu isiyoshikizwa humwangukia mtoto anayeipanda.

Kilichonisumbua zaidi ni kupunguza. Nilikuwa naona kila kitu nitakachokiondoa ni somo ninalomnyima mtoto. Kilichonilegeza ni utafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, uliotoka mwaka 2018. Walichukua watoto 36 wa umri wa miezi 18 hadi 30, wakawaacha wacheze, mara kukiwa na vichezeo 4, mara kukiwa na 16. Palipokuwa na vichache, mtoto alikaa na kimoja muda mrefu zaidi na kukichezea kwa namna nyingi zaidi. Wangu mkubwa ameshapita umri huo, lakini nimeliona jambo lenyewe kwake pia. Sasa rafuni pana trei nane tu. Vingine vimo kwenye maboksi chini ya kitanda changu, na kila baada ya wiki mbili navizungusha. Plastisini iliyofichwa wiki mbili hupokelewa kama mgeni aliyesubiriwa.

Lebo nilizibandua zote. Kwenye boksi la vifuniko vipana vya makopo tunavyohesabia nimegundisha kifuniko kimoja kwa nje. Kwenye trei ya kukata nimeulaza mkasi, nikauzungushia kalamu, pakabaki umbo lake jeusi. Siku ya kwanza mdogo aliushika mkasi, akaniuliza, "Mama, huu unalala wapi?" Nikamwonyesha lile umbo. Akaulaza, akaugeuza, akaulaza tena mpaka matundu ya vidole yakakaa sawa na mchoro, kisha akaupapasa kama anavyopapaswa yeye akilala. Sasa kila kitu humu ndani kina pa kulala, na jioni wanavilaza wenyewe. Si kila jioni. Leo vifuniko vitatu nimevitoa chini ya zulia.

Kwenye herufi nimebadilika kabisa. Zamani nilitundika alfabeti nzima ukutani na kudhani ndiyo kufundisha. Kiswahili kimetupa njia rahisi zaidi: irabu tano, kila moja na sauti yake isiyogeuka. Kwa hiyo trei ya herufi ilianza na a, e, i, o, u peke yake, nilizozikata kutoka karatasi ya msasa na kuzigundisha kwenye kadi ngumu, mtoto azipitie kwa kidole huku akizitamka. Wiki tatu hizo tu. Kisha nikaongeza kadi za ma, me, mi, mo, mu, kila moja mbili. Juzi mkubwa alipanga kadi mbili sakafuni, akanyamaza, midomo ikicheza bila sauti. Halafu akasema polepole, "Mi... mi." Akarudia haraka: "Mimi!" Akajigusa kifua. Sikumfundisha neno hilo. Lilikuwa kwenye trei, mahali anapofika.

Shanga ndizo zimepanda juu, na mfuniko wake unabana. Mwezi wa pili mdogo alitia moja mdomoni. Aliitoa mwenyewe kwa kidole chake baada ya kumsihi, na moyo wangu haukutulia siku ile. Kanuni za usalama wa vichezeo Marekani, kwa watoto walio chini ya miaka 3, zinatumia silinda yenye kipenyo cha milimita 31.7: kipande kinachozama chote humo huhesabiwa kuwa kidogo mno kwao. Sasa najua kwa nini shanga ilinitisha na kifuniko kipana cha kopo hakinitishi. Mkubwa akizitaka, anaziomba, na tunatunga pamoja mdogo akiwa amelala.

Michoro yao bado hainipi amani. Inaongezeka kila siku na siwezi kuitupa mbele yao. Nimeweka faili moja kwa kila mtoto. Mwisho wa wiki yeye mwenyewe anachagua mchoro mmoja, naandika tarehe nyuma pamoja na maneno yake kuhusu alichokichora. Mingine inakuwa karatasi ya kukatia.

Wiki ijayo naongeza ba, be, bi, bo, bu. Trei ya vifuniko nilitaka kuiondoa, maana imekaa zaidi ya wiki mbili, ila mdogo kabla ya kulala ameniambia, "Usivihamishe, Mama, vimechoka." Nimeviacha. Vile vitatu vya chini ya zulia nimevirudisha kwa wenzao.